SSO ya jukwaa la masoko: kitufe, SAML au OIDC? Pima kwa siku mtu anapoondoka

Fungua ukurasa wa watumiaji kwenye jukwaa lenu la masoko, lile mnalotumia kuwapelekea wateja barua pepe na SMS, uhesabu majina ya watu ambao hawapo tena ofisini. Nimelifanya zoezi hili na timu kadhaa za hapa Dar es Salaam na sijawahi kupata sifuri. Utamkuta binti aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo mwaka juzi. Utamkuta meneja aliyehamia kwa washindani. Utamkuta mtu wa wakala wa matangazo ambaye mkataba wake ulishakwisha. Wote hao nywila zao bado zinafungua. Na humo ndani mteja yupo mzima: jina, namba ya simu, alichonunua, alinunua lini. Orodha yote inapakuliwa kwa mibonyezo miwili mitatu.

Kwa hiyo nikiulizwa "tuweke SSO ya aina gani?", yaani njia ya kuingia mara moja kwa akaunti ya kazi, swali langu la kwanza halihusu kuingia. Nauliza hivi: mtu akikabidhi kitambulisho cha ofisi Ijumaa saa kumi na moja jioni, mlango wa jukwaa utakuwa umemfungia saa ngapi? Njia zote nitakazozilinganisha hapa zinarahisisha kuingia, na kwa hilo zinakaribiana sana. Zinaachana kwenye kutoka, na hapo ndipo pa kuchagulia.

Sheria nayo imeshafika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe. Namba za wateja zikiondoka na mtu aliyeacha kazi, anayeitwa kujieleza ni kampuni.

Kwanza, nani anamwamini nani

SSO ni makubaliano kati ya mifumo miwili. Upande mmoja upo mfumo wa utambulisho, ambao unamjua mfanyakazi: akaunti za kazi za Google Workspace, Microsoft Entra ID, Okta, Keycloak na wenzake. Upande wa pili lipo jukwaa lenyewe: Salesforce Marketing Cloud, HubSpot, Adobe Campaign au mengine. Jukwaa linaacha kumuuliza mfanyakazi nywila. Badala yake linampeleka kwa mfumo wa utambulisho, anathibitishwa huko, anarudi na ushahidi uliotiwa saini ya kidijitali. Jukwaa likiitambua saini, linafungua.

Njia za kupeleka ushahidi huo ni tatu kwa mtu wa kawaida wa ofisi. Kipo kitufe cha "Ingia kwa Google" au "Ingia kwa Microsoft". Ipo SAML. Ipo OIDC. Hizi mbili ni itifaki, yaani kanuni ambazo mifumo hutumia kuzungumza.

Kitufe: rahisi, lakini ufunguo ni wa nani?

Kitufe hakihitaji fundi. Mfanyakazi anabonyeza, anachagua akaunti, yuko ndani. Timu ndogo nyingi zinaishia hapo zikiamini zimeshaweka SSO.

Kiufundi, nyuma ya kitufe mara nyingi ipo OIDC, itifaki nzuri kabisa. Kasoro iko kwenye mamlaka. Kitufe ni chaguo la mtumiaji. Kampuni haijalazimisha chochote, na mara nyingi nywila ya zamani inabaki kando yake ikifanya kazi. Ukisimamisha akaunti ya Google ya aliyeondoka, kitufe kitamkataa, na hata barua ya kubadilisha nywila hataipata kwa sababu sanduku lake limefungwa. Lakini kama alijiwekea nywila siku ya kwanza na anaikumbuka, anaiandika na anaingia.

Kuna jambo baya zaidi ambalo kwetu ni la kila siku: mtu alialikwa kwenye jukwaa kwa Gmail yake binafsi. Wakala wa matangazo, mpiga picha, mwandishi wa kujitegemea, hata mkurugenzi ambaye hapendi barua pepe ya kampuni. Akaunti hiyo huna uwezo wa kuisimamisha. Kitufe kitaendelea kumfungulia mpaka mtu akumbuke kumfuta jina kwa mkono.

Sisemi kitufe hakifai. Nasema kisihesabiwe kuwa ni udhibiti.

SAML: mzee anayeheshimika

SAML 2.0 ilipitishwa na shirika la OASIS mwezi Machi 2005, na mpaka leo ndiyo inayozungumzwa na karibu kila jukwaa kubwa la masoko linaposema "tuna SSO ya kampuni". Ushahidi wake ni hati iliyoandikwa kwa XML, lugha ya kupangia data, na kutiwa saini. Kivinjari cha mfanyakazi ndicho kinachoibeba hati hiyo kutoka mfumo wa utambulisho hadi kwenye anwani ya jukwaa iliyokubaliwa, ambayo kwenye mipangilio utaiona kwa herufi ACS.

Kuiweka ni kazi ya kubadilishana vitu vichache. Jukwaa linakupa jina lake rasmi na anwani ya ACS. Wewe nawe unalikabidhi jukwaa anwani ya mfumo wako wa utambulisho pamoja na cheti chenye ufunguo wa kuhakiki saini. Mara nyingi vyote vimo ndani ya faili moja ya metadata, unaipakua huku na kuipakia kule. Aliyezoea anamaliza kabla ya chakula cha mchana. Anayefanya mara ya kwanza hupoteza siku kwa sababu ya mkwaju mmoja uliozidi mwishoni mwa anwani, maana anwani lazima zilingane herufi kwa herufi.

Nguvu ya SAML kwa mtazamo wangu ni kwamba kampuni inaweza kuilazimisha. Ukishawasha sharti la SSO, nywila ya jukwaa inakufa kwa kila anayehusika. Ukimsimamisha mtu kwenye mfumo wa utambulisho, safari yake inayofuata inaishia getini. Hapo unakuwa umemjibu yule wa Ijumaa jioni. Sehemu ya jibu, kwa sababu yako mambo yanayobaki wazi, nitayafikia.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, XML ni lugha yenye kona nyingi, na kuhakiki saini ndani yake ni kazi inayowashinda hata wataalamu. Septemba 2024 liligunduliwa kosa kwenye ruby-saml, maktaba ya msimbo ambayo watengeneza programu huitumia kuweka SAML, lililomwezesha mshambuliaji kughushi jibu na kuingia kama mtu yeyote. GitLab, jukwaa la kuhifadhi msimbo, ni miongoni mwa waliolazimika kutoa marekebisho ya haraka. Kwenye jukwaa la kununua mzigo huo ni wa muuzaji, lakini kama mmejitengenezea jukwaa wenyewe, mzigo ni wenu.

Pili ni cheti. Cheti kina tarehe ya kufa, na kikifa, mara nyingi hakuna anayeingia.

Niliwahi kuitwa asubuhi ya Jumatatu, wiki ya Sabasaba, na kampuni ambayo timu yake nzima ya masoko ilikuwa nje ya jukwaa. Ofa za maonyesho zilikuwa zitoke saa nne. Cheti kilikuwa kimeisha usiku wa Jumapili. Onyo lilikuwa limetumwa mapema, tena zaidi ya mara moja, ila lilikwenda kwenye sanduku la fundi aliyeunganisha mfumo miaka mitatu nyuma, ambaye alikuwa ameshaondoka. Akaunti ya dharura nayo ilikuwepo, kwa jina lake huyohuyo. Tulirudi ndani alasiri, baada ya simu nyingi kwa muuzaji, na ofa zikatoka wakati watu wanakunja vibanda. Tangu siku ile, siku ya kuondoka naihesabu pia kwa fundi.

OIDC: kijana mwenye mizigo michache

OpenID Connect, kwa kifupi OIDC, ilizinduliwa Februari 2014 juu ya OAuth 2.0, itifaki ya kutoa ruhusa. Ushahidi wake si hati ya XML bali tokeni, yaani kipande kifupi cha data kilichotiwa saini, kwa muundo mwepesi wa JSON. Kwa mtengeneza programu ni nafuu kubwa, na inakwenda vizuri kwenye programu za simu, mahali ambapo SAML inahangaika.

Uzuri wake ninaoupenda zaidi ni jinsi inavyoshughulikia funguo. Mfumo wa utambulisho unachapisha funguo zake za kuhakiki saini kwenye anwani ya wazi, na jukwaa linakwenda kuzichukua lenyewe kila zinapobadilishwa. Hakuna cheti cha kunakili kwa mkono kila baada ya miaka kadhaa. Ile Jumatatu ya Sabasaba isingetokea kwa namna ile.

Lakini usidhani kalenda imekwisha kazi. Mara nyingi jukwaa hupewa neno la siri la kujitambulisha kwa mfumo wa utambulisho, na neno hilo lina muda wake. Kwenye ukurasa wa Entra ID hata ukitaka kulirefusha huwezi kuvuka miezi 24. Ni muda mfupi kuliko wa cheti cha SAML.

Kwa nini basi tusichague OIDC moja kwa moja? Kwa sababu chaguo si letu peke yetu. Majukwaa mengi ya masoko yanayouzwa kwa kampuni bado yanatoa SAML tu kwa wateja wao. Kama jukwaa lako linatoa zote mbili na zote zinalazimishika, chukua OIDC. Kama linatoa SAML peke yake, usihame jukwaa kwa sababu hiyo. SAML iliyotunzwa vizuri inatosha.

| | Kitufe | SAML | OIDC ya kampuni |
|---|---|---|---|
| Kampuni inaweza kulazimisha? | Kwa kawaida hapana | Ndiyo | Ndiyo |
| Nywila ya zamani | Mara nyingi inabaki | Inazimwa kwa aliyewekewa sharti | Inazimwa kwa aliyewekewa sharti |
| Kinachoisha muda | Hakuna upande wako | Cheti | Neno la siri la programu |
| Gmail binafsi | Inapita | Haipiti | Haipiti |
| Kuandaa | Dakika | Nusu siku hadi siku | Chini kidogo ya SAML |

Kinachobaki wazi hata mlango ukifungwa

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu wauzaji hawapendi kukuambia.

SSO inalinda mlango. Aliyekwisha kuingia hausumbuki naye. Kama mfanyakazi aliacha kivinjari wazi kwenye kompyuta ya nyumbani, kipindi chake cha kuingia kinaendelea mpaka jukwaa lenyewe likimalize. SAML ina utaratibu wa kutoka kote kwa pamoja, ila majukwaa mengi hayautumii ipasavyo. Dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya usalama ya jukwaa na kupunguza muda wa kukaa bila kufanya kitu. Watu watalalamika wiki moja, kisha watazoea.

Halafu kuna funguo za API, zinazoiruhusu programu nyingine kuchota data za jukwaa bila mtu kuingia. Mtu wa takwimu alitengeneza ufunguo ili jedwali lake lijivutie idadi ya waliofungua barua. Ufunguo huo haujui habari za SSO. Unaweza kumfukuza mtu asubuhi, na mchana ufunguo wake ukaendelea kuchota orodha ya wateja. Kwenye Salesforce Marketing Cloud kuna hata akaunti za SFTP za kupakia na kupakua mafaili, na hizo zina nywila au funguo zake kando kabisa. Mara nyingi mafaili ya wateja wengi yanapita humo, si kwenye kurasa zenye vitufe vizuri.

La mwisho ni jina lenyewe. SAML na OIDC zinamzuia mtu asiingie, lakini hazimfuti. Jina lake linabaki kwenye jukwaa, linakula leseni, na siku mtu akizima sharti la SSO kwa bahati mbaya, linaweza kufufuka. Kufuta ni kazi ya SCIM, itifaki nyingine ambayo toleo lake la 2.0 lilichapishwa Septemba 2015. Kwa SCIM, mfumo wa utambulisho unaliarifu jukwaa: huyu mpya, muunde; huyu amebadilisha idara, msogeze; huyu ameondoka, mzime. Entra ID hupeleka mabadiliko hayo kwa mizunguko ya takriban dakika 40. Kwa yule wa Ijumaa saa kumi na moja, kabla ya saa kumi na mbili jina lake limeshazimwa bila mtu kukumbuka kitu.

Wauzaji huonyesha pia uundaji wa akaunti papo kwa papo, yaani mtu akiingia mara ya kwanza akaunti inajitengeneza. Usiuchanganye na SCIM. Ule unaunda tu. Haujui kuondoa.

Kama fedha zinatosha kwa kitu kimoja cha ziada juu ya SSO, nunua SCIM. Sina wasiwasi na ushauri huu.

Mfumo upi wa utambulisho?

Jibu fupi ni ule ambao tayari unashika barua pepe zenu, kwa sababu ndio ambao watu wa rasilimali watu wanakumbuka kuufunga mtu anapoondoka. Mfumo wa pili ni mahali pa pili pa kusahau.

Google Workspace inakuwezesha kusajili jukwaa lolote la SAML kutoka ukurasa wa msimamizi, na kuliwasha kwa idara au kundi fulani tu. Vyeti vyake huishi miaka 5. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 24 kuenea, kwa hiyo ukiona kosa dakika ya tano usianze kubomoa ulichojenga. Kunywa chai kwanza. Upande wa kuunda na kufuta watumiaji, Google ina nguvu kwa programu zilizomo kwenye orodha yake. Angalia kama jukwaa lako limo kabla hujaahidi kitu kwenye kikao.

Microsoft Entra ID, iliyoitwa Azure AD mpaka Julai 2023, ndiyo yenye udhibiti mpana zaidi kati ya hizi mbili. Unaweza kuweka masharti: ukiwa nje ya nchi, thibitisha upya; ukiwa kwenye kompyuta isiyo ya ofisi, usiingie. Masharti hayo, pamoja na kugawa programu kwa makundi badala ya mtu mmoja mmoja, yanahitaji leseni ya P1, ambayo imo ndani ya kifurushi cha Microsoft 365 Business Premium. Cheti cha SAML huishi miaka 3 usipobadilisha, na maonyo hutumwa siku 60, 30 na 7 kabla ya kuisha. Anayetumiwa, usipogusa chochote, ni yule msimamizi aliyeiongeza programu. Badilisha leo. Weka anwani ya kundi, isiyo ya mtu mmoja.

Okta inafaa kampuni yenye programu nyingi na isiyotaka kufungwa na Google wala Microsoft. Orodha yake ya programu zilizoandaliwa tayari ni ndefu na kurasa zake za maelekezo ni safi. Kwa timu ya watu 20 na jukwaa moja, naiona ni gharama isiyo na sababu. Na kuweka imani yote mahali pamoja kuna hatari yake: Oktoba 2023 Okta yenyewe ilitangaza kwamba wavamizi waliingia kwenye mfumo wake wa kuhudumia wateja na kuchukua mafaili yaliyokuwa na tokeni za kuingilia. Kampuni za Cloudflare na 1Password ni kati ya walioguswa, na wote wawili waligundua wenyewe kabla Okta haijawaarifu.

Keycloak ni programu huria iliyoanzia Red Hat mwaka 2014. Haina ada ya leseni, inazungumza SAML na OIDC, na naipenda. Lakini ikizimika, kampuni nzima iko nje. Inahitaji seva, hifadhidata, nakala za akiba na mtu wa kuihuisha. Inahitaji pia saa sahihi: ushahidi wa SAML huishi dakika chache, na seva ambayo saa yake imekimbia itatoa ushahidi unaokataliwa. Tofauti yetu ya saa 3 na UTC haina neno, mifumo inaielewa. Ofisi yenye mhandisi mmoja tu wa mifumo naishauri isiiguse, kwa sababu na yeye siku moja ataondoka.

Majukwaa hayafanani

Salesforce Marketing Cloud inawasha SSO kwa mtumiaji mmoja mmoja. Unaingiza metadata ya mfumo wa utambulisho, kisha kwa kila mtu unaandika kitambulisho cha shirikisho kinacholingana kabisa na kile kitakachotumwa, herufi kubwa na ndogo zikizingatiwa. Ni kazi ya mikono, lakini ina baraka: unajaribu na mtu mmoja huku wengine wakiendelea na kampeni. Tangu 1 Februari 2022 Salesforce inawataka wateja wake watumie uthibitishaji wa hatua mbili, na ukiuweka kwenye mfumo wa utambulisho, sharti hilo limetimia.

HubSpot inamtambua mtu kwa barua pepe, na sharti la SSO unaliwasha kwa akaunti nzima huku ukiwaacha nje watu uliowataja. Orodha hiyo ya walioachwa nje huwa na tabia ya kukua. Niliona moja yenye majina tisa kwenye timu ya watu kumi na watano. Wawili wanatosha.

Adobe inataka kwanza uthibitishe kwamba kikoa cha kampuni ni chenu, kwa kuweka rekodi kwenye DNS, daftari la majina ya anwani za mtandao. Jipange kama anayeshika DNS yenu ni mtoa huduma wa nje anayejibu barua baada ya siku mbili.

Utambulisho usio barua pepe

Jambo moja dogo linaharibu kazi nyingi. Ushahidi wa SAML unamtaja mtu kwa thamani moja, na wengi wanaweka barua pepe. Halafu Neema anaolewa, anabadilisha jina la ukoo, na anwani yake inabadilika. Au kampuni inahama kutoka .co.tz kwenda .com. Kesho yake jukwaa halimjui. Likiwa linaunda akaunti papo kwa papo, linamtengenezea mpya isiyo na kitu, huku kampeni zake zote zikibaki chini ya jina la zamani, ambalo sasa halina mwenyewe na halitafungwa na mtu yeyote.

Jukwaa likikubali, tumia kitambulisho kisichobadilika, kama namba ya kudumu ya mtumiaji kwenye Entra ID. Likitaka barua pepe tu, andika kwenye utaratibu wa ofisi kwamba kubadilisha anwani ya mtu ni kazi ya pande mbili siku moja.

Na watu wa wakala?

Kwa kampuni nyingi hapa kwetu, anayegusa jukwaa kila siku hayumo kwenye malipo ya mishahara. Ni wakala. SSO ikiwashwa, wao ndio wa kwanza kulia, na meneja ndiye wa kwanza kuomba waachwe nje.

Usikubali. Kwenye Entra ID waalike kama wageni. Uzuri wake ni kwamba kama wakala naye anatumia Microsoft, mfanyakazi wake akiachishwa huko anapoteza na huku. Akiwa mgeni kwa Gmail, faida hiyo haipo, kwa hiyo wape wageni tarehe ya mwisho inayolingana na mkataba. Upande wa Google kuna Cloud Identity ya bure, yenye leseni 50 za kuanzia, inayowapa utambulisho wa kampuni bila sanduku la barua.

Ningechagua nini

Timu ya watu watatu hadi wanane, jukwaa la kifurushi cha chini: SAML mara nyingi imefungiwa kwenye kifurushi cha bei kubwa, na kupanda daraja kwa sababu hiyo tu sidhani ni haki kwa biashara ndogo. Tumieni kitufe, washeni uthibitishaji wa hatua mbili ndani ya jukwaa, futeni kila Gmail binafsi, na mumpe mtu mmoja kazi ya kupitia orodha ya watumiaji na ya funguo za API kila mwisho wa mwezi. Mwandikeni jina lake.

Kuanzia watu kumi hivi, au mapema kama mna wakala au orodha kubwa ya wateja: SAML kupitia mfumo wa barua pepe mlionao, sharti limewashwa. Akaunti mbili za dharura zisizopita SSO, zenye nywila ndefu na ufunguo wa usalama wa kuchomeka, zimehifadhiwa kwenye sefu ya ofisi na si kwenye simu ya mtu. Microsoft nao wanashauri mbili.

Benki, kampuni ya simu, au yeyote ambaye wafanyakazi wake wanabadilika kila mwezi: SAML au OIDC pamoja na SCIM. Jukwaa lisilo na SCIM lishindwe kwenye zabuni, hata kama violezo vyake vya barua ni vizuri kiasi gani.

Kabla ya kusaini, mwombe muuzaji akaunti ya majaribio. Unda mtumiaji wa kubuni, mwingize kwa SSO kwenye kivinjari kimoja, mtengenezee ufunguo wa API, kisha msimamishe kwenye mfumo wa utambulisho na uangalie saa. Jaribu kuingia upya. Jaribu kupakua orodha kwenye kile kivinjari kilichobaki wazi. Jaribu ule ufunguo. Andika dakika za kila kimoja kwenye karatasi, na ukae na karatasi hiyo siku ya kujadili bei.